Jinsi ya Kutengeneza Kifaru Kidogo chenye Kipimo cha Kweli

Ndugu wanafunzi, na ninyi mliokwisha kuiacha shule,

Mhariri amenitaka niandike juu ya kazi ya mikono niliyoipenda tangu nilipokuwa darasa la nane, yaani kutengeneza vifaru vidogo vya mchezo wa vita vya mezani. Nimekubali kwa furaha, ila kwa sharti moja: kwamba nitaandika somo, si hadithi ya kujisifu. Basi chukueni rula, kalamu ya risasi na karatasi, kwa maana hesabu zimo. Asiyependa hesabu asikimbie. Nyingi ni za kugawanya tu, na mtoto wa darasa la sita aziweza.

Vita vya mezani ni nini?

Ni mchezo wa watu wawili au zaidi. Juu ya meza au sakafuni hutandazwa nchi ndogo yenye vilima, mito, njia na vijiji. Kila mchezaji ana jeshi lake la sanamu ndogo, naye hulisogeza kwa zamu, akipima kwa rula masafa ya kwenda na masafa ya kupiga. Mambo yaliyo ya bahati huamuliwa kwa dadu, na mwamuzi husimama katikati.

Mtu asidhani kwamba ni jambo la kitoto tu. Mwaka 1824 afisa mmoja kijana wa Prussia, jina lake Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo wa namna hii uliochezwa juu ya ramani, akiiendeleza kazi ya baba yake, na maafisa wa jeshi wakajifunzia. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu kiitwacho Little Wars, chenye kanuni za kucheza nyumbani kwa askari wa sanamu. Mwishoni alieleza kwamba vita vidogo vya sakafuni ni bora kuliko vita vyenyewe. Mwaka uliofuata vita vikubwa vya dunia vikaanza. Hata sisi huku tunalo bao, ambalo Warundi huliita ikibuguzo, na humo mtu huziteka kete za mwenzake kwa akili na hesabu.

Kifaru gani?

Kwetu ni Nyamugari, Gitega, mtaa ambao Kiswahili ni lugha ya barazani. Tulipoanza mchezo huu, wenzangu walitaka tufanye vita vilivyopita Gitega penyewe. Hivyo ni vya mwaka 1916, wakati jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo lilipoingia hapa mwezi wa Juni na kuwaondoa Wajerumani, kisha likaendelea mpaka Tabora, likaingia mjini tarehe 19 Septemba. Mimi nikasema, "Vema, nitatengeneza vifaru." Mwalimu wetu akacheka. Vifaru vya kwanza duniani viliingia vitani tarehe 15 Septemba 1916, mahali paitwapo Flers, nchi ya Ufaransa, siku nne tu kabla ya Tabora kuanguka. Huku kwetu hakikuwako hata kimoja. Mizigo ya vita ile ilipita Gitega juu ya vichwa vya wapagazi.

Basi somo la kwanza ndilo hili: kabla hujakata kadibodi, jiulize kama chombo hicho kilikuwako mahali hapo mwaka ule.

Vita vya vifaru vilivyo karibu nasi ni vile vya Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Tanzania na kuishika nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera. Tanzania ikajibu, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikatwaliwa. Kwa mtu wa Muyinga habari hizi si za mbali, maana maji ya Ruvubu yapitayo kwao ndiyo yanayokwenda kuingia Kagera. Tanzania ilikuwa na vifaru vya Kichina viitwavyo Type 59, pamoja na vyepesi viitwavyo Type 62. Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ilileta vifaru vya Kirusi viitwavyo T-55. Type 59 ni nakala ya T-54, naye T-54 ni kaka wa T-55. Kwa hiyo mtu akijua kukitengeneza kimoja, amejua cha pande zote mbili.

Kipimo

Nimechagua kipimo cha moja kwa 72, yaani kila kitu cha kweli hugawanywa kwa 72. Kipimo hiki kilitoka kwa Waingereza. Futi sita ni inchi 72, basi mtu wa futi sita akawa wa inchi moja. Sisi wa mita na sentimita tunakipata hivi, kwa T-55:

Urefu wa kiwiliwili bila mzinga ni mita 6.45, kwa mfano ni milimita 90.
Urefu pamoja na mzinga uliotazama mbele ni mita 9. Kwa mfano ni milimita 125.
Upana ni mita 3.27, kwa mfano ni milimita 45.
Kimo ni mita 2.40, kwa mfano ni milimita 33.
Upana wa mnyororo mmoja ni sentimita 58. Kwa mfano ni milimita 8.
Gurudumu, toka ukingo hadi ukingo, ni sentimita 81. Kwa mfano ni milimita 11.
Mtu wa mita 1.80, kwa mfano ni milimita 25.

Ziandikeni namba hizi juu ya karatasi na kuzibandika ukutani. Mwenye kutengeneza kwa kukisia macho hukifanya kichwa kiwe kikubwa na mzinga uwe mnene, kwa sababu ndivyo vinavyomtisha.

Vifaa na kazi

Hamhitaji duka la Ulaya. Tafuteni kadibodi ya boksi la sabuni, wembe, vifungo kumi vya shati, tyubu kuukuu ya baiskeli, spoki moja, njiti za kiberiti, na donge la udongo wa mfinyanzi. Gundi ya unga wa mhogo yatosha kwa karatasi. Kwa mpira mwombeni fundi baiskeli tone la solusheni.

Kwanza ni kiwiliwili. Kateni kadibodi na kuijenga kama sanduku la chini, lenye pua. Bamba la mbele lisisimame wima. Katika kifaru cha kweli limelala hata kubaki digrii 30 tu kutoka usawa wa ardhi, na sababu yake ni nzuri. Chuma chake kina unene wa milimita 100, lakini risasi ijayo sawasawa na ardhi hukipitia kwa mshazari, na njia yake ndani ya chuma huwa milimita 200. Chukueni mkate, mkate wima na kisha mshazari, mtaona kipande cha mshazari kilivyo kirefu. Fundi amepata unene mara mbili bila kuongeza unene wa bamba.

Pili ni magurudumu. Vifungo vya kawaida vya shati vina milimita 11, kana kwamba vilishonwa kwa ajili yetu. Wekeni vitano kila upande. Kutoka kitovu cha kwanza hadi cha tano iwe milimita 53. Lakini angalieni sana: nafasi hazilingani. Kati ya gurudumu la kwanza na la pili pana pengo kubwa kuliko mengine. Mimi huweka milimita 17 kati ya vitovu viwili vya kwanza, na milimita 12 kwa vilivyobaki. Pengo hilo ndilo alama ya ukoo huu wa vifaru, na mjuzi hulitazama kwanza. Mbele na nyuma ongezeni gurudumu moja moja lililoinuliwa kidogo. La nyuma lina meno, nalo ndilo livutalo mnyororo.

Tatu ni minyororo. Kateni tyubu vipande vyenye upana wa milimita 8. Mnyororo wa kifaru hiki hauna vigurudumu vidogo vya kuushika juu, basi hulala juu ya magurudumu yenyewe na kulegea kati yake. Msiukaze kama uzi wa zeze.

Nne ni kichwa, yaani sehemu ya juu izungukayo na kubeba mzinga. Umbo lake ni kama bakuli lililofunikwa. Lifinyangeni kwa udongo, lakini kumbukeni kwamba udongo hupungua ukikauka. Fanyeni jaribio: finyangeni kijiti cha udongo, kitieni alama mbili zilizoachana milimita 100, kiacheni kikauke kivulini, mkipime tena. Udongo wangu ulitoa 93. Basi kitu nilichotaka kiwe milimita 30 nilikifinyanga kwa 32, maana 30 kwa 0.93 ni 32 na kidogo. Kila bonde lina udongo wake, kwa hiyo msichukue namba yangu bila kujaribu.

Tano ni mzinga. Spoki ina milimita 2. Izungushieni karatasi moja nyembamba yenye gundi, na karibu na ncha ongezeni pete nene kidogo. Ncha ipite pua ya kiwiliwili kwa milimita 35. Hesabu yake ni 125 kutoa 90.

Mambo madogo

Wengi huharibu hapa kwa kuongeza visivyokuwako. Msitie misumari ya ribiti, kwa sababu kiwiliwili cha T-55 kimeunganishwa kwa kuchomelewa, na kichwa chake kimemiminwa kama sufuria. Juu ya ukingo wa kulia pana matangi bapa ya mafuta, na wa kushoto pana masanduku ya vifaa. Moshi hutokea upande wa kushoto kuelekea nyuma, basi masizi ya kibatari yapakwe hapo tu, si kila mahali. Rangi ya vumbi itokane na udongo wetu mwekundu uliochujwa kwa kitambaa, nalo lizidi chini kwenye magurudumu na kupungua kadiri mwendavyo juu. Ukitaka kuwa na Type 59 ya Tanzania badala ya T-55 ya Libya, ongeza juu ya kichwa, upande wa kulia, kifuniko kidogo cha mviringo kama uyoga, ambacho ni tundu la hewa. T-55 hakina. Kwa tofauti hiyo ya punje moja ya mtama mchezaji atamjua rafiki na adui.

Mwisho, nyuma kabisa, fungeni njiti moja ya kiberiti kwa kulala. Hilo ni gogo. Mimi nililifunga kwa kuwa nililiona katika picha, nami sikujua ni la nini.

Masafa

Sasa twaja kwenye jambo lililonifanya niandike. Mfano uliopimwa vizuri husema kweli juu ya umbo. Lakini yako mambo matatu ambayo hauwezi kuyasema, na la kwanza ni masafa. Mzinga wa T-55 una tundu la milimita 100, nao hupiga kifaru kingine toka mita 1,000 na zaidi. Gawanyeni mita 1,000 kwa 72, mtapata karibu mita 14. Nani ana meza ya mita 14? Basi katika mchezo nchi hupunguzwa zaidi kuliko vyombo. Sisi tulifanya sentimita moja iwe mita 10, na mita 1,000 zikawa mita moja ya meza. Kwa hiyo vifaru viwili vilivyoachana sentimita 20 huonekana kama vimeegeshana, lakini kwa kanuni viko mita 200. Mchezaji na ashike kanuni kuliko macho yake.

Uzito

Likizo moja nilikwenda Muyinga kwa mjomba, nimebeba vifaru vyangu vinne ndani ya boksi la viatu. Tulicheza uani mimi na binamu yangu. Kinamasi tulikifanya kwa unga wa msumeno uliolowa maji. Nilivipitisha vifaru vyangu katikati ya kinamasi, nikatokea nyuma ya jeshi lake, nikashinda upesi. Jirani wa mjomba, mzee mwenye asili ya Ngara aliyeendesha lori la jeshi la Tanzania wakati wa vita vya Kagera, alikuwa amekaa juu ya kigoda akitutazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hicho ni kifaru?"

"Ndiyo, mzee. Ni T-55."

"Umekitengeneza vizuri. Na hapo kimepita wapi?"

"Kinamasini."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi hicho si kifaru, mwanangu. Hicho ni bata."

Kisha akakiinua, akakigeuza, akaitia kidole ile njiti ya nyuma. "Na hili gogo ni la nini?"

"Sijui, mzee. Nimeliona katika picha."

"Ni la kufunga kwenye minyororo, kifaru kikizama topeni kipate kujikwamua. Waliolifunga walijua kwamba kitazama. Wewe umelifunga, halafu ukapita."

Nilitahayari sana. Usiku ule nilitaka kujua kwa nini mfano wangu ulipita mahali ambapo kifaru kingezama, nikafanya hesabu hii, nanyi ifanyeni pamoja nami.

T-55 kina uzito wa tani 36, yaani kilo 36,000. Minyororo yake miwili hugusa ardhi kwa urefu wa mita 3.84 na upana wa sentimita 58 kila mmoja. Jumla ni sentimita za mraba 44,544. Gawanya, utaona kila sentimita ya mraba ya ardhi hubeba gramu 808. Mtu wa kilo 60 aliyesimama kwa miguu miwili, kila wayo ukiwa na sentimita za mraba 200, huilemea ardhi kwa gramu 150 kwa sentimita. Basi kifaru hukandamiza ardhi zaidi ya mara tano kuliko mtu. Mahali mkata mafunjo apitapo akilowa magoti, kifaru chaweza kubaki hapo hapo.

Na mfano wangu je? Urefu umegawanywa kwa 72. Lakini eneo lina urefu na upana, basi limegawanywa kwa 72 mara mbili, ndiyo 5,184. Na uzito hufuata ujazo, wenye urefu, upana na kimo, basi mfano wa chuma kile kile ungegawanywa kwa 72 mara tatu, ndiyo 373,248. Kilo 36,000 kwa namba hiyo ni gramu 96. Nilikitia kifaru changu udongo tumboni mpaka mizani ya dukani ikaonyesha gramu 96, nikadhani sasa kimekuwa cha kweli. La! Gramu 96 juu ya sentimita za mraba 8.6 ni gramu 11 tu kwa kila sentimita, badala ya 808. Mfano huwa mwepesi juu ya ardhi mara 72. Hata ukiutengeneza kwa ustadi wote, utaelea mahali kifaru kingezama, na rangi haiwezi kuliondoa kosa hilo.

Tazameni sasa jinsi jambo hili lilivyo kubwa. Lukaya ni mji mdogo wa Uganda katika njia ya kutoka Masaka kwenda Kampala, na hapo njia hupita juu ya tuta katikati ya kinamasi kikubwa. Mwezi wa Machi 1979 Brigedi ya 201 ya Tanzania ilifika huko ikiwa na vifaru vichache, ikakutana na vifaru vya Libya pamoja na askari wa Uganda. Tarehe 10 Watanzania walipigwa kwa makombora, na wengi wakavunja safu wakakimbia. Usiku Brigedi ya 208 ikazunguka kutoka kaskazini-magharibi, na tarehe 11 adui akapigwa toka pande mbili, akashindwa. Mamia ya watu walikufa. Sasa mwacheni mtoto acheze Lukaya kwa vifaru vielavyo kama bata: atakwenda kushoto, atakwenda kulia, wala hatafahamu kwa nini watu wazima walipigania tuta moja la njia.

Kwa hiyo tuliandika kanuni. Kifaru kikitoka njiani na kuingia kinamasini, tupa dadu. Ukipata tano au sita, kimepita. Ukipata chini ya hapo, kimekwama, na hukaa zamu tatu kikijikwamua kwa gogo lake. Kikiwa hakina gogo, hubaki hapo mpaka mwisho wa mchezo. Baada ya kanuni hiyo hapana aliyesahau kufunga njiti nyuma.

Watu

La tatu sikulijua kwa hesabu. Mama yangu hakuupenda mchezo huu. Vita vilivyoanza nchini kwetu mwaka 1993 vilimchukua kaka yake mkubwa, na neno vita halikuwa la kuchezea nyumbani kwetu. Alituvumilia kwa sababu tulikaa uani wala hatukuzurura.

Jioni moja tulikuwa tukicheza Lukaya hapo Nyamugari, naye ameketi karibu akichambua maharage. Nikapata dadu nzuri, nikakivunja kifaru cha rafiki yangu, nikapiga kelele za furaha.

Mama akauliza, "Humo ndani hukaa watu wangapi?"

Nikajibu kama mwanafunzi bora, "Wanne, mama. Dereva mbele kushoto, na katika kichwa mkuu wa kifaru, mpiga mzinga, na mwenye kupakia."

"Wako wapi?"

Nikakigeuza kifaru. Kilikuwa kitupu, isipokuwa udongo wa gramu zangu. Mama hakusema neno. Akahesabu maharage manne, akayaweka mezani mbele yangu, akaendelea na kazi yake.

Tangu siku hiyo kila kifaru chetu kina mlango chini ya tumbo, na ndani mna punje nne za maharage. Kifaru kikipigwa, mwenye nacho hukifungua mwenyewe, huzitoa punje zote nne, na hutupa dadu kwa kila moja. Tano na sita, mtu amepona. Chini ya hapo, punje hutiwa katika kikombe cha bati kilicho katikati ya meza. Mchezo ukiisha, mshindi ndiye azihesabuye punje za kikombe, zake na za mwenzake, na kuziandika katika daftari pamoja na tarehe. Kumbukeni kwamba mtu wa kipimo hiki ana milimita 25, basi harage si sanamu ya mtu. Ni hesabu yake tu, nasi hatukuthubutu kuchonga zaidi ya hapo.

Nitawaambia matokeo, maana somo bila matokeo ni nusu. Mchezo uliharibika kwanza. Wenzetu wawili waliuacha, wakisema kwamba umekuwa kama matanga. Sisi tuliobaki tulianza kucheza kwa hadhari. Zamani nilikuwa nikipeleka kifaru mbele ili nione tu kama adui yuko. Sasa nilimpeleka kwanza askari wa miguu, kisha nikaona kwamba naye ni mtu, nikaanza kutuma watu usiku, kuzunguka, kungoja. Mchezo wa saa moja ukawa wa alasiri nzima. Siku moja nilishinda Lukaya kwa njia niliyoiona ya ustadi sana, nikafungua daftari kuandika, na kikombe kilikuwa na punje 31. Rafiki yangu aliyeshindwa alikuwa amepoteza 14. Zilizosalia 17 zilikuwa zangu. Nikaandika, wala sikujua niandike nini katika nafasi ya mshindi. Nafasi ile ingali tupu katika daftari hadi leo.

Neno la mwisho

Ndugu zangu wanafunzi, jaribuni kazi hii. Itawafundisha kupima, kugawanya, kutazama picha kwa makini, na kuuliza wazee. Vijana wa kiume na wa kike waweza sawasawa, kwani wembe na rula havichagui. Kila mtakachokitengeneza, andikeni chini ya tumbo lake mambo manne: jina la chombo, mahali na mwaka kilipokuwako, kipimo, na idadi ya watu waliokaa ndani. Mkikosa la nne, msikitie mezani kwanza.

Na ninyi mliokwisha kuiacha shule, mkiwa mna mzee jirani aliyeyaona mambo hayo kwa macho, iwe Gitega, Muyinga au ng'ambo ya mpaka, mwendeeni na mfano wenu mkononi kabla hamjaupaka rangi. Mimi nilichelewa, nikapaka rangi kwanza, ikanibidi kubomoa vifaru vitatu.

Mama yangu hajaupenda mchezo huu hata sasa, wala sikumlazimisha. Lakini msimu wa maharage ukifika hunitengea kopo dogo la punje zilizokauka vizuri, zisizo na wadudu, na hulitia kwenye boksi la viatu pasipo kuniambia.

Nawatakia kazi njema.

Mimi, mwanafunzi wenu wa zamani,
Nyamugari, Gitega.